Vyeti vya Baba Viko Kabatini

Rosettenville, 5 Mei 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Habari za Pune na joto lake? Huku wazima, ila baridi imeanza na Mama anashona akiwa amejifunga blanketi.

Leo nimeaibika. Nilipeleka nakala za vyeti vyako polisi zigongwe muhuri, kama chuo cha Doornfontein kilivyotaka. Askari akaniuliza, "Asili ziko wapi?" Nikasema ziko India. "Eish, dada, basi na muhuri kautafute India." Foleni nzima ikacheka. Unanijua nilivyo. Nilitoka hata bila kuchukua karatasi zangu, ikabidi nirudi.

Doornfontein wanamtaka mwalimu wa hesabu kama wewe, nafasi ni moja, na wanataka kuviona vyeti halisi kabla ya tarehe 30. Miaka minne tunakuona kwenye simu tu. Leo nakuandikia barua pepe ili usinikwepe: mbona hujibu? Kila nikiuliza habari ya vyeti, unaniuliza kama nimekula.

Mwanao,
Mayasa

Pune, 9 Mei 2025

Mwanangu Mayasa,

Marahaba. Mimi mzima, ila mafua kidogo. Mwambie Mama asishonee karibu na dirisha.

Niliona haya kukwambia. Vyeti sina. Siku niliyoajiriwa, mkuu wa chuo alisema atanitunzia ofisini kwake, kwa usalama. Walimu wote hapa tumeacha vyetu. Vyuo binafsi vingine huku navyo hufanya hivyo, maana mwalimu asiye na cheti mkononi hawezi kuhamia kwingine.

Nimeomba mara tatu. Mara ya kwanza ufunguo wa kabati umepotea. Mara ya pili mwenye ufunguo kaenda harusini. Mara ya tatu tulikunywa chai, tukazungumza habari za mvua, nikaondoka. Mkuu huniita ndugu yake. Mtu anayekuita ndugu utamgombezaje?

Umekula lakini?

Baba yako,
Khatibu

Rosettenville, 12 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Pole na mafua. Nimekula.

Ndugu gani huyo anayekufungia kabatini? Nimekaa maktaba siku mbili nikisoma. Wasimamizi wa vyuo huko huko India wamekwisha kuvikataza vyuo kushikilia vyeti halisi vya walimu. Ulijua? Nilipomsomea Mama barua yako alisema, "Baba yako akiibiwa kiatu, atamuuliza mwizi kama kimemtosha." Kisha akaenda jikoni na hakurudi kwa muda mrefu.

Andika barua ya kuvidai. Weka tarehe, ubaki na nakala. Tafadhali.

Mwanao,
Mayasa

Pune, 16 Mei 2025

Mwanangu,

Natumaini hamjambo nyote. Mafua yamepungua.

Nilijua. Sote tunajua. Barua nimeandika, imepokelewa kwa tabasamu, jibu hakuna. Sasa wote wanashughulika na ukaguzi wa tarehe 20 na 21. Wakaguzi hutaka kumwona kila mwalimu na vyeti vyake mkononi. Basi asubuhi karani huvitoa kabatini, hutugawia, na jioni husimama mlangoni na daftari kuvikusanya. Mpaka hayo yapite, hakuna atakayenisikiliza.

Baba yako,
Khatibu

Rosettenville, 16 Mei 2025

Baba! Shikamoo!

Yaani watakupa wenyewe? Mkononi? Na unaniandikia kama habari ya hali ya hewa?

Jioni usirudishe. Sema, "Hivi ni vyangu," basi. Maneno matatu. Fanya mazoezi mbele ya kioo. Mimi hufanya hivyo kabla ya kwenda kwenye duka la spaza hapa mtaani kurudisha mkate uliooza.

Mwanao,
Mayasa

Pune, 20 Mei 2025

Mwanangu,

Hamjambo? Nimerudisha.

Karani ni mzee. Alinionyesha daftari, jina lake liko kwenye kila mstari. Akasema, "Mwalimu, kikipungua kimoja, kazi yangu imekwisha." Ningefanyaje? Usinikasirikie.

Baba yako

Rosettenville, 20 Mei 2025

Baba,

Shikamoo hii naitoa kwa sababu Mama amesimama nyuma yangu.

Unamwonea huruma karani, unamwonea haya mkuu. Sisi je? Leo asubuhi, nikiamini unavyo, nilikwenda Doornfontein peke yangu. Nilipita mlangoni mara mbili kabla ya kuingia. Katibu alisema wapo wawili wengine wanaoitaka nafasi ile. Hata hivyo nilimwambia baba yangu anakuja na vyeti vyake mwenyewe. Kama nimesema kweli au uongo, utaamua wewe. Kesho ni siku ya pili ya ukaguzi.

Mayasa

Pune, 25 Mei 2025

Mwanangu Mayasa,

Salaam kwako na kwa Mama. Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa nikihangaikia tiketi.

Jioni ya tarehe 21 nilimwomba karani daftari lake. Kwenye mstari wangu niliandika kwa mkono wangu, "Nimechukua vyeti vyangu mwenyewe, karani hana kosa," nikatia sahihi. Mkuu akaja mbio. "Ndugu yangu, unaniaibisha mbele ya wageni!" Wakaguzi walikuwa bado mlangoni, wanavaa viatu walivyovivua kuingia ofisini. Nikamwambia, "Hata mimi naona haya, ndugu yangu. Lakini hivi ni vyangu." Mwalimu mmoja wa fizikia akaichukua ile kalamu, akaandika chini yangu. Kisha mwingine. Watatu kati ya arobaini.

Kesho yake mlinzi alinizuia getini. Barua ya kuthibitisha miaka minne ya kazi wamekataa kunipa. Lakini ndege ni tarehe 28.

Baba yako,
Khatibu

Rosettenville, 26 Mei 2025

Baba yangu,

Shikamoo, na hii ni yangu mwenyewe.

Barua hiyo tutaidai kutoka huku. Nitaandika mimi, kila wiki, mpaka wachoke. Katibu wa Doornfontein nimempigia simu. Atakuona tarehe 29 saa nne.

Bahasha ya vyeti usiitie sandukuni. Ishike mkononi tangu nyumbani hadi hapa. Mtu akikuomba akushikie kidogo, hata kama ni mzee, hata akiomba kwa upole, kataa. Na mimi nikikupokea uwanjani nikataka kukusaidia mizigo, nipe sanduku tu.

Mwanao,
Mayasa