Maji ya Siku ya Jua

Jumatatu, 3 Machi
Mizani, gunia, mizani, gunia: ndiyo siku ya karani wa kiwanda. Jua kali tangu asubuhi, majani chai makavu kabisa, na bado kompyuta inakatia kila gunia kilo moja ya maji, kana kwamba majani yameloa. Programu haijui mvua iliisha. Nimepigia tena kampuni iliyotuuzia. Ati mabadiliko lazima yaidhinishwe Nairobi. Ati nisubiri. Nimesubiri tangu Krismasi. Nimechoka kuomba.

Alhamisi, 6 Machi
Mama Joan, mkulima mwenzetu, amepeleka majani yake kwa mabroka, wale wanunuzi wa kando. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Anayetuibia ni wewe, si kompyuta." Nimelia chooni. Kiwanda ni chetu sisi wakulima wa Kiptere. Wakihama wote, kinafungwa.

Ijumaa, 7 Machi
Kapkatet, kwa Chebet, tuliyesoma naye chuo. Dairy yao ya maziwa inatumia programu huria. Hakuna leseni ya kununua, na ndani iko wazi: kitu hakikufai, unafungua na kukirekebisha mwenyewe. Nimerudi nayo kwa flashi. Nimejifungia ofisini nayo, hata chakula sitaki.

Jumatatu, 10 Machi
Mwenyekiti wetu, Mzee Rono, hataki. Anasema kitu cha bure kina mwenyewe, siku moja atakuja kukidai. Nikamuuliza hii tunayolipia ni ya nani. Mwishowe amekubali nijaribu kesho. Ikikwama, niache funguo za ofisi mezani niende nyumbani. Sawa. Siogopi. Naogopa kidogo.

Jumanne, 11 Machi
Imekwama. Makato ya maji niliondoa vizuri, lakini nikasahau kutoa uzito wa gunia lenyewe. Aliyegundua ni Mzee Rono, kwa majani yake mwenyewe: kilo zilizidi. Foleni yote ikaniangalia. Kikombe cha chai mkono mmoja, akanyoosha wa pili apewe funguo.

"Mzee, maliza chai yako kwanza," nikamwambia.

Nikafungua programu mbele yao wote. Kikombe hakijaisha, nikapima gunia lake upya. Sawasawa. Sikupigia mtu yeyote simu. Funguo ninazo.

Jumamosi, 22 Machi
Mvua imerudi. Leo tumekata maji na hakuna aliyelalamika. Mama Joan alikuwa kwa foleni, hakunisalimia. Kampuni imepiga, nimeacha simu ilie. Jioni karani wa kiwanda kimoja cha Kimulot ameniandikia. Kwao pia maji hukatwa siku za jua. Ameuliza, kwa heshima sana, kama wanaweza kutumia programu yetu, na ruhusa waombe nani.

Nimemtumia yote. Nimemwambia hakuna wa kuombwa.