Kikombe cha Mariamu Kimenipita

Gondar

Dada yangu Asegedech,

Nakusalimu kwa jina la Bikira. Goti lako limepoa huko Adis Ababa? Sisi wazima, na ng'ombe amezaa.

Jana kwenye mahber yetu ya Mariamu, chama chetu cha sala, ilikuwa zamu yangu kupewa kikombe nije nacho nyumbani, niwe mwenyeji wa mkutano ujao. Pombe ya shayiri ya kukipokelea nilishaitengeneza. Sala ilipokwisha, mkubwa wetu Wubalem akakipitisha mbele ya mikono yangu, akampa jirani.

"Mwanao ameoa kwa wafinyanzi," akasema. "Wale wana jicho baya. Kwako hatuli."

"Na mchuzi tuliokula sasa hivi umeupika kwenye chungu cha nani, mama? Si kakifinyanga mama yake huyo huyo mkwe wangu?" nikamuuliza.

Wenzake wakacheka chinichini. Yeye akakifunika kikombe kitambaa, kama vile nimekitemea mate.

Padri alitufundisha kwamba mahber imetoka kwenye neno la Kigeez, lugha ya kanisani, la kuungana. Miaka kumi na tisa nimeungana nao, hata kuwalilia wafu wao! Leo mkwe wangu ameanza kufunga nguo zake aondoke. Nimemnyang'anya furushi. Haondoki mtu hapa.

Lakini kilichonichoma zaidi ni hiki: Wubalem anasema alikupigia simu, na wewe, uliyeniingiza mahber, ukakubali ninyimwe.

Ulikubali, dada? Nijibu upesi, tafadhali.

Mdogo wako,
Yeshimebet