Mwenye Kuleta Anakunywa wa Mwisho

Feli wangu,

Najua utaanza kwa kuuliza nani alishinda. Subiri, nitafika. Wewe siku zote ulitaka mwisho wa hadithi kabla mtu hajavuta hata kiti.

Tumeonja tena! Jumapili, baada ya misa, hapa kwangu Nyakasanza, pale barazani ninaposhonea. Nilisukuma cherehani ukutani nikatandika mkeka. Ni mara ya kwanza tangu tukuzike. Tulikuzika mbio mbio, risasi zikilia upande wa uwanja wa ndege, na malaria ilikuwa imekuchukua kwa sababu tu hakuna mwenye dawa aliyethubutu kufungua mlango. Hasira hiyo bado ninayo. Lakini leo sikuandikii kwa hasira. Leo nina furaha, na nimetafuta mtu wa kumwambia nikaona ni wewe tu.

Unajua ninavyokumbuka zile Jumapili zetu kabla mji haujagawanyika? Wewe na malafu yako ya michikichi ya Komanda, yaliyogemwa msituni na kufika yamechoka kwa kupanda baiskeli. Ukumu na kwete ya mahindi kutoka kwao Mahagi-Port, ndani ya bidoni ile ile, dumu alilobebea samaki. Roza na mandrakpa ya kwao Djugu, pombe kali ya kukufumba jicho moja. Na mimi na kasiksi ya ndizi na mtama ya mama yangu kutoka Bogoro. Mmoja anamimina nyuma ya nyumba, vibuyu vinafanana, mwonjaji anafungwa macho kwa kitambaa chako cha kichwa, kile cha njano, kisha aseme pombe imetoka wapi. Ukumu aliisugua bidoni yake kwa majivu na ndimu, na bado ulimkamata. "Si pombe inanuka," ulimwambia. "Ni weye uko unazuia pumzi." Hukuwahi kumsifu mtu waziwazi. Ulisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo sifa zako zote zilifika zimevaa matusi.

Hapo ndipo ulipoweka ile sheria. Kila nyumba ya huku, mwenye pombe anakunywa kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Wewe ukaigeuza: mwenye kuleta anakunywa wa mwisho, maana akitangulia uso wake utamtaja. Tulicheka tukakubali. Hatukujua kwamba itakuja siku ambapo kukubali hivyo ni kazi nzito.

Maana vita vilikuja vikatuambia mimi na Roza, kwa makabila yetu, ni maadui. Yeye akaenda kambi ya wakimbizi na watu wa kwao. Nyumba yetu ya Bogoro ikachomwa, migomba ikafyekwa, mama akaja kuishi nami, na tangu hapo hajapika kasiksi hata tone. Wewe peke yako, mtu wa Komanda usiyehesabiwa upande wowote, ulivuka kwenda kambini kusuka nywele na kurudi na salamu. Ulikuwa ukisema tu, "Roza iko, anakula, anauliza juu yako." Kumbe hukuniambia yote, mjanja wewe.

Sasa mji umetulia kidogo. Nilituma neno kambini, na Jumapili Roza akaja. Amekonda, Feli, lakini ule mwanya wa meno uko pale pale. Tulikumbatiana mlangoni. Mama alimwitikia salamu kwa shingo upande akarudi kukaa kwenye kigoda chake jikoni, mlango wazi. Ukumu akamimina. Vibuyu viwili tu, cha kwake na cha Roza, maana mimi sikuwa na kitu cha kuleta isipokuwa mkeka.

Nilipokuwa najifunga kitambaa chako, mama akasema kutoka jikoni, "Mado. Muache ule akunywe mbele."

Ule. Hata jina hakulitaja, jina la mtu aliyekaa nawe kwetu Bogoro likizo nzima. Ukumu akaanza kuchunguza vidole vyake vya miguu. Roza hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alinyoosha mkono akishike kibuyu chake anywe.

"Hapana," nikasema. "Hapa mwenye kuleta anakunywa ya mwisho. Feli alisemaka."

"Feli alikufa," mama akasema.

Nikafunga kitambaa. Bado kinanuka mafuta yako ya nywele. Nikakisogeza kibuyu nikanywa, na sikufichi, niliogopa. Nilitegemea mandrakpa inipige puani. Ikaja ndizi. Tamu, halafu kama moshi nyuma yake. Nikashangaa, nikasema kitu cha kwanza kilichonijia: "Hii iko ya kule Beni."

Jikoni kigoda kikalia. Unamjua mama. Anaweza kuvumilia vita, njaa na mabati yanayovuja, lakini si mtu kukosea kasiksi mbele yake. "Beni?" akasema. "Moshi ile, Beni? Leta hapa." Akaninyang'anya kibuyu, akanusa, na kabla hajakumbuka alichokuwa anaogopa, akanywa. Akanywa tena. Akakaa chini kwenye mkeka wetu, miguu imenyooka kama ya mtoto.

"Hii iko yangu," akasema polepole. "Nani aliitosha Bogoro, akaileta hapa?"

Hakuna mwingine anayekaanga mtama hadi ukaribie kuungua, Feli. Hata mimi hakunifundisha. Alisema Mado anajua kunywa tu. Ila likizo ile nilikuwa nikilala mchana, na wewe ulikuwa jikoni kwake ukishika kikaango.

Roza akajibu akiwa ametazama chini. "Ni Feli alinifundishaka, mama. Kule kambini. Alisema siku moja utaitamani, na weye hautapika."

Mama alilia, halafu akacheka, halafu akaanza kumgombeza Roza kwamba maji yamezidi. Hapo nikajua mambo yamekwisha kuwa sawa. Walikaa wakibishana juu ya mtama mpaka Ukumu akalalamika kwamba kwete yake haijaonjwa na mtu. Tuliionja. Bado ina samaki.

Roza akataka sasa anywe, zamu yake ya mwisho. Mama akaufunika mdomo wa kibuyu kwa kiganja. "Haukuileta weye," akasema. "Kunywa yako, lakini uache kidogo ya Feli."

Ndiyo maana jioni ile ulisikia vishindo juu yako. Ni sisi wanne. Mama alibeba kibuyu mwenyewe, akaimimina kasiksi pale kichwani pa kaburi lako, akasema maji yamezidi, usamehe.

Kwa hiyo umeshinda wewe, mshenzi. Barabara ya Komanda ikifunguka nitakwenda kwenu kuchukua malafu, nami sitayaonja njiani, naapa. Lala vizuri, rafiki yangu. Kila tutakapokaa kwenye mkeka, ya mwisho ni yako.

Mado