Kwa Baba Boke, Kuhusu Mbwa Unayetaka Nimfukuze

Baba Boke,

Kalamu imekataa kuandika "mpendwa", nami sikuilazimisha. Ungekuwa mzima usingejali salamu zangu, kwa hiyo tuingie moja kwa moja kwenye jambo lililokufanya unikumbuke.

Dada yako Robi alifika hapa Ndhiwa Jumamosi, akanikuta sokoni nikiuza samaki wa omena. Alisema mikono yako inatetemeka hadi huwezi kushika kikombe cha chai, kwamba wachimbaji wenzako wa dhahabu huko Osiri wamekuacha peke yako kwenye chumba cha mabati, na kwamba unaomba kuja kwangu nikuuguze. Moyo wangu ulianza kulegea, nakiri. Kisha akaangalia chini akamalizia, "Lakini amesema ile mbwa isikuwe hapo." Nilicheka mpaka wateja wakageuka. Nguvu za kushika kikombe huna, ila za kuweka masharti unazo.

Unakumbuka mbwa huyo, Polisi, alivyokuja? Ulimtoa kwenu Isebania akiwa mdogo, ukambeba ndani ya koti. Ulimpa jina hilo kwa sababu nyote mgodini mliwaogopa polisi, nawe ulitaka raha ya kumfokea mmoja kila asubuhi. "Polisi, toka hapa!" ungesema, na Boke, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, anacheka mpaka anakaa chini. Siku zile nilikupenda. Naandika hilo usije ukasema nimesahau.

Nakumbuka pia jinsi ulivyoiheshimu dhahabu. Mimi mkeo sikuruhusiwa kukaribia shimo, eti mwanamke akiwa katika siku zake dhahabu hukimbia. Chakula chako nilikiweka mbali, juani, nikaondoka. Lakini zebaki, ambayo ni sumu, hiyo uliileta hadi jikoni kwangu. Hukutaka wenzako waone umepata nini, kwa hiyo unga wa mawe uliukorogea nyumbani kwenye karai, zebaki ikainasa dhahabu, nawe ukaichoma juu ya jiko lile lile nililopikia uji wa mtoto. Nikikohoa unaniambia, "Si utoke nje kama moshi inakusumbua." Halafu karai lenyewe unalisuuza juu juu na kumwekea mbwa maji ya kunywa. Mwenye dhahabu mzima, na bakuli la mbwa limekushinda.

Polisi alipoanza kutetemeka ulisema ni baridi. Alipoanguka mara ya kwanza, miguu ikirusharusha na povu mdomoni, ulisema jirani ametutumia kitu. Mara ya tatu ukabadilisha hukumu: "Hiyo iko na kichaa. Iuliwe kabla haijauma mtu." Ukaita wanaume wanne wenye rungu. Watu mnaoshuka kila siku kwenye mashimo yanayoweza kuwafukia, na mkasimama mbali mkimwogopa mbwa aliyelala akijikojolea, asiyeweza hata kuinua kichwa. Nilimfunga kwa leso yangu ya kiunoni, nikampakata, nikapanda bodaboda hadi Migori mjini kwa daktari wa mifugo. Njiani ukanipigia simu kuniita mwendawazimu.

Yule daktari hakunicheka. Aliuliza Polisi anakula nini, analala wapi, anakunywa maji gani. Nilipotaja karai aliacha kuandika. Alisema bila vipimo hawezi kuapa, lakini haoni dalili za kichaa. Anachokiona ni kifafa, na zebaki huharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Kisha akaniuliza kwa upole, "Na mtoto, mama? Yeye pia anapikiwa kwa hiyo jiko?"

Boke alikuwa akilipiga karai lile kwa kijiko kama ngoma, nawe ukimpigia makofi. Nilirudi Osiri kumchukua yeye na nguo zetu, nikasimama mlangoni nikakueleza kila neno la daktari. Hukuinua hata kichwa kutoka kwenye jiko. "Mimi mwenyewe nashika hiyo kitu na mikono miaka mingi, na niko sawa." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho niliyoyasikia nikiwa mkeo. Tangu siku hiyo umewatangazia watu, kutoka Osiri hadi Isebania, kwamba mke alikuacha kwa ajili ya mbwa. Habari ya mtoto na jiko uliimeza.

Haya, nikueleze basi huyo mbwa tunaishi naye vipi. Anakunywa kidonge asubuhi na kidonge jioni, saa ile ile, ndani ya tonge la ugali. Nikichelewa, anaanguka. Akianguka simmwagii maji wala simshiki mdomo kama ulivyokuwa ukifanya. Nasogeza viti, naweka leso chini ya kichwa, nasubiri. Miguu ya nyuma imelegea, kwa hiyo akienda haja namshikilia kiunoni kwa kipande cha gunia. Boke, ambaye yuko darasa la pili sasa, huweka alama ya chaki ukutani kila kidonge kinapomezwa, na mimi nikisahau ananigombeza. Mwaka jana tulimchukua mwingine, jike kipofu aliyekuwa akijigongagonga kwenye malori pale mpakani Sirare. Tunamwita Nyar Sirare, binti wa Sirare. Majirani wanasema nimefungua hospitali ya mbwa. Wanacheka, halafu wanakuja kuniuliza dawa ya kuku zao.

Ni kazi ya kuchosha, Baba Boke. Kuna asubuhi nalia nikifua magunia. Lakini sijawahi kumtazama Polisi nikajuta, na wewe siwezi kusema hivyo juu yako.

Sasa jibu lako. Robi atakupeleka hospitali Homa Bay, nimeshazungumza naye. Ukifika, mwambie daktari zebaki. Mwambie miaka mingapi, mwambie ulikuwa unaichomea ndani ya nyumba. Acha hadithi za jirani na kitu alichotuma, na usifiche kwa kuogopa kwamba mgodi haukuwa na kibali. Daktari anatafuta ugonjwa, hakutafuti wewe. Kama ungenisikiliza pale mlangoni, leo usingehitaji kuelekezwa na mwanamke anayefukuza dhahabu.

Kwangu huji. Usiende kuwaambia watu ni kwa ajili ya Polisi, kwa maana yeye ukija leo atajikokota kwa miguu yake ya mbele mpaka akulambe mikono hiyo. Ni kwa ajili ya ujumbe wako. Nilimuuliza Robi mara mbili kama hakuna neno jingine, na mara mbili alitikisa kichwa. Ulikumbuka kuuliza kama mbwa bado yupo. Hukuuliza kama mikono ya mwanao inatetemeka.

Haitetemeki.

Ugua pole.

Mama Boke