Jina la Kabula kwenye Daftari la Japani

Jumatatu, 3 Machi
Mashine ya kukoboa imegoma tena. Wateja wanne wamekaa juu ya magunia ya mpunga, wananitazama kana kwamba nimeiharibu makusudi. Mchana nikachoka nao, nikafunga, nikaenda posta. Bahasha imeondoka Kahama kwenda Japani, kwenye ofisi ya mji wa mume wangu: cheti cha ndoa, nakala ya pasipoti yangu, barua aliyoniandikia Edwini kwa maandishi yao. Edwini ni fundi mitambo mgodini Geita, alisoma Japani.

Naomba kitu kimoja tu, nakala ya daftari la familia la marehemu mume wangu, ambamo serikali yao huandika ndoa, watoto na vifo. Alisema alimwandikisha binti yetu Kabula humo kabla hajatimiza miezi mitatu. Ikipita hapo, mtoto anapoteza uraia wa baba yake. Alisema. Karatasi sikuwahi kuiona.

Alhamisi, 13 Machi
Kaka Masanja amekuja kutoka Kolandoto. Nimemwambia habari ya barua. Kosa langu. "Mdogo wangu, mzungu ni mzungu tu, hata akiwa Mjapani. Huko ana mke mwingine." Nimempa wali na maziwa. Hata mimi nimewahi kuwaza hivyo.

Jumamosi, 5 Aprili
Jibu. Daftari halipo kwao. Wametuma hati ya makazi tu, ya kuonyesha kwamba alihama mji wao kuja Tanzania. Nimelia chooni, Kabula asinione.

Jumapili, 6 Aprili
Nimemtumia Edwini picha ya hati, akanipigia. Amecheka mpaka nikataka kukata simu. Aliponiuliza mume wangu ni wa wapi, nilimtajia mji alikokuwa akiishi. Kumbe daftari hukaa kwao kwa asili, na hati ya makazi imepataja: kijiji cha babu yake, milimani, ambako mwenyewe hakuwahi hata kulala.

Mjinga mimi. Nina miaka kumi na miwili hapa Kahama, lakini nikiulizwa kwetu nasema Kolandoto bila kufikiri. Sijui kwa nini nilidhani Wajapani hawana kwao. Barua ya pili kesho.

Jumatano, 14 Mei
Imefika. Siwezi kusoma hata herufi moja. Nimemtumia Edwini picha. Yuko zamu, hajibu. Nimekoboa gunia la mtu mara mbili.

Alhamisi, 15 Mei
Amepiga asubuhi. "Mama Kabula, humu kuna watu wawili. Baba na mtoto." Yumo! Aliandikishwa akiwa na siku arobaini. Nimepiga kigelegele, wateja wakashtuka.

Nikauliza, na mimi? Wawili tu, akasema, hebu asome vizuri akitoka kazini. Nimeshinda nimenuna. Mtoto kapata haki yake, nami bado naumia. Huyu mtu alipeleka ng'ombe wa mahari Kolandoto, akawaswaga mwenyewe kwa miguu, akachekwa njia nzima. Halafu kwao asiniandike?

Jumapili, 18 Mei
Edwini amepita akienda Shinyanga. Kanionyesha kwa kidole. Huko mgeni hapewi nafasi yake, anaandikwa ndani ya maelezo ya mume. Nipo. Jina langu, Tanzania, tarehe ya ndoa. Alipeleka taarifa mwezi uleule tuliofunga ndoa. Nimemwomba mume wangu msamaha kwa sauti, Edwini akatazama pembeni.

Jina la mume wangu limewekwa alama: ametoka, kwa kifo. Wote wakishatoka, daftari hufungwa. La kwetu liko wazi. Limebaki na mtu mmoja, ana miaka minne, yuko uani anafukuza kuku.