Mapeasi ya Mwaka wa Kwanza Bila Wewe

Mama, shikamoo.

Nimekaa nikingoja marahaba yako kama mjinga, kisha nikacheka peke yangu. Haya, nitajiitikia mwenyewe. Karatasi hii nimepewa na sista wa jikoni kule misheni, yule mnene uliyekuwa ukigombana naye kila siku juu ya chumvi. Anakusalimu. Siku hizi chakula chao hakina chumvi kabisa, na hawana wa kumlaumu.

Tangu tukuzike mambo mengi yamekaa sawa. Mbuzi wako amezaa mapacha. Gari moshi la Wadachi limefika Morogoro, na asubuhi ukungu ukipanda tunaona moshi wake kutoka hapa juu. Baba amerudi Kinole kwa ukoo wake, kama desturi inavyotaka, maana ardhi hii ni ya kwenu, si yake. Aliondoka na jembe na mkeka, akalia njia nzima mbele za watu, mwanamume mzima yule. Nilimpenda zaidi siku ile kuliko siku zote.

Lakini hasa nakuandikia habari ya mipeasi. Mama wee! Ile mipeasi yako miwili imezaa mwaka huu kupita kiasi. Matawi yamelala mpaka chini, nimeyategemeza kwa miti. Ungekuwepo ungepiga vigelegele. Mimi nilikaa chini ya shina nikalia, kwa sababu wewe hupo na miti yenyewe wala haina habari.

Ndipo Mjomba, kaka yako mkubwa, akaja na shoka. Akida wa Wadachi anahimiza kila nyumba ipande kahawa, na mahali pazuri pa kahawa, alisema, ni pale pale penye mipeasi. "Matunda ya Wazungu hayamshibishi mtu," akasema. Nikamwambia, Mjomba shikamoo, ila shoka hilo lirudi lilikotoka. Alinitazama kama mtu aliyeng'atwa na kuku. Hukunilea ninyamaze, unajua mwenyewe.

Akasema basi, ukoo utaamua siku ya kumaliza msiba. Na siku hiyo ndiyo ya kutoa jina lako, maana kwetu jina la marehemu halizikwi, hupewa mtu aliye hai, na anayelipokea ndiye anayepokea nyumba, shamba na miti. Mjomba alikwisha kumchagua binti wa Mama Mdogo. Ni msichana mzuri, simsemi vibaya, lakini akiambiwa kata atakata. Nilijua wazi kwamba jina likimwangukia yeye, mipeasi yako imekwisha.

Nikajisemea, sitabishana. Ukoo mzima utakula mapeasi, kisha waseme wenyewe kama hayashibishi.

Nilianza kwa kuyakata vipande na kuyakausha kwenye kichanja juu ya moto, maana kwa masika haya jua tunalisikia tu kwa watu wa bondeni. Nikasahau kwamba hapo ndipo ulipokausha kambare miaka yote. Mapeasi yakanuka kambare! Paka alifurahi sana. Mengine niliyaponda nikayatia kwenye togwa, na hiyo, Mama, sijisifu, lakini ilikuwa togwa ya kuibiwa. Majirani walianza kupita hapa bila sababu yoyote.

Yaliyobaki yote niliyachuma yakiwa magumu, kama ulivyonifunza. "Linyanyue kidogo, likikuachia ndipo ulichukue." Nilikuwa nikikuuliza kwa nini tusiyaache yaive mtini kama mapapai, nawe ukanipasulia moja lililoachwa, zuri kwa nje, moyo wote umeoza. Basi niliyatandaza kwenye nyasi kavu ghalani, kwenye ubaridi, yalainike taratibu.

Kumbe nilipokuwa msituni kutafuta kuni, Mama Mdogo alikuja kunisaidia. Akaona yale matunda magumu kama mawe, akanihurumia. Akafanya ambavyo mtu yeyote wa mlima huu angefanya. Akayavundika! Yote, Mama. Akayafukia kwenye lile shimo la ndizi pamoja na ndizi zenyewe, majani juu, udongo, na moshi akaupuliza vizuri kabisa. Hakuniambia, alitaka nishangae.

Nilishangaa, bila shaka. Tulifukua asubuhi, siku moja kabla ya kikao. Ndizi zilikuwa safi, za manjano. Mapeasi yalikuwa uji, maganda ya kahawia yameshika uji ndani yake. Nilipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia. "Si ndivyo vitu vinavyoiva, mwanangu?" akaniuliza, machozi yamemjaa. Nilikuwa na mwiko mkononi, Mama, na Mungu ndiye aliyenizuia.

Kisha nikalamba kidole.

Tamu! Tamu kama miwa, na harufu ya moshi kwa mbali. Nikamwambia Mama Mdogo afute machozi alete unga wa mahindi. Tukauponda ule uji na ndizi mbivu, tukaukanda na unga, bila tone la maji. Nikatandika jani la mgomba kwenye chungu kipana, nikatia makaa chini na mengine juu ya kifuniko, vile vile ulivyowaokea masista keki yao ya Pasaka. Mkate wa kwanza uliungua chini, tukawapa kuku. Wa pili ulitoka mwekundu, umeumuka, jani limeshikamana na mgongo wake. Tuliuvunja ukiwa wa moto tukala tumesimama, mimi na yeye, vidole vinaungua. Nikatamani sana ungekuwepo pale. Kisha tukaoka kutwa nzima.

Siku ya kikao sikumficha mtu kitu. Nilitua ungo wa mikate katikati nikasema, "Wazee wangu, haya ndiyo matunda yasiyoshibisha." Mjomba alikula kipande. Akatafuta kingine. Akaomba togwa ya kuteremshia. Baadaye nikamwona anafunga kipande kwenye jani ampelekee mkewe, akidhani simwoni. Mwishowe akajikuna kichwa, akasema kahawa inaweza kukaa kule mteremkoni, hata hivyo mipeasi imeshazoea mahali pake.

Nilidhani hapo ndipo ushindi wangu unapoishia, na ungenitosha. Wakaingia kwenye habari ya jina. Mjomba akafungua mdomo kumtaja binti wa Mama Mdogo, na Mama Mdogo, yule mpole ambaye hajawahi kukohoa mbele ya kaka yake, akasimama. "Mwanangu nampenda," akasema. "Lakini dada yangu nilimwona jana akioka. Mpeni huyu." Akaketi.

Hakuna aliyebisha. Mjomba akachanganya unga na maji, akanipaka kwenye paji la uso, akaniita Chausiku. Nikageuka kutazama kama utaitika wewe. Akaniita tena. Nikaitika, Mama, kwa nguvu, nikalia hapo hapo mbele ya wote, na sikuona haya.

Nakuahidi mipeasi haitaguswa. Mvua zikipungua nitachukua vijitawi vyake nivipandikize kwenye miche kama ulivyonionyesha, mche mmoja kwa Mama Mdogo, mmoja kwa Mjomba, apende asipende. Na Mama Mdogo nitamfundisha kungoja, ingawa sijui nani ananifundisha mimi.

Sasa kwaheri, Mama yangu. Pumzika, umefanya kazi mno. Mjomba hupita hapa kila asubuhi akienda shambani, na ile sauti yake unaijua, inafika mpaka makaburini. Ukimsikia anaita Chausiku, usiamke. Anayeitwa ni mimi.