Walimwona Mtoto, Hawakumwona Mama

Jumatatu, 3 Machi. Wiki ya kumi na moja tangu nitoke nyumbani Illasit.
Kubeba mawe tangu asubuhi. Msimamizi anataka ukuta uishe kabla ya mvua. Mke wangu Nyambura amekuja huku Kitengela kunisalimia. Ana mimba ya miezi sita. Binti yetu Wairimu yuko kwa nyanya yake. Leo Nyambura hakula. Tumbo linamuuma upande wa kulia, karibu na mbavu.

Jumanne, 4.
Kliniki. Wakampiga skani. Mtoto yuko sawa, moyo unapiga. Nikamwuliza yule jamaa wa skani, ni kijana? Akatafuta na mashine mpaka akapata. Kijana! Nilicheka kama mjinga. Nyambura wakampa dawa ya kiungulia.

Jumatano, 5.
Anatapika. Mwili moto. Nikamwambia, "Wacha uoga, si mtoto tulimwona?"
"Baba Wairimu, mtoto walimwona. Mimi hawakuniona."
Nikakasirika. Nikaenda kazini.

Alhamisi, 6.
Saa saba mchana nilimkuta amejikunja sakafuni. Kliniki wakasema skani ya juzi ilikuwa safi, arudi nyumbani akapumzike. Niliwatukana. Mlinzi akanitoa nje kwa kola. Jirani akatubeba na gari lake mpaka hospitali Kajiado.

Daktari wa huko ni msichana mdogo. Alimwambia Nyambura aweke kidole panapouma zaidi. Akaweka mashine papo hapo, akakandamiza polepole. Akasema ni kidole tumbo, ile appendix, kimevimba. Mimba hukisukuma juu, ndiyo maana hakikuuma chini pale watu wamezoea. Bado hakijapasuka, lakini hakuna kungoja.

Zilimchukua dakika chache tu! Yule wa Kitengela alikuwa na mashine kama hiyo, juu ya tumbo hilo hilo, na alikuwa akitafuta kijana. Aliyemtuma ni mimi.

Ijumaa, 7.
Amepasuliwa. Yuko hai. Moyo wa mtoto unapiga, lakini tumbo la uzazi linakaza na hawataki kutuahidi kitu. Msimamizi amepiga simu: nisipofika kesho, nafasi yangu ina mtu. Nikamwambia ampe, na ukuta wake pia. Nina hasira na kliniki. Na msimamizi. Na mimi mwenyewe zaidi.

Jumanne, 11.
Tumbo limetulia tangu jana. Daktari anasema mimba imekaa. Nyambura haniongeleshi sana. Ana haki. Leo amekunywa uji nusu kikombe, akaniambia nimsogezee mto. Nikausogeza. Akalala.
Wakituruhusu Alhamisi, Jumamosi tutakuwa Illasit.